Walimnyoa Nikiwa Hai

Binti yangu aliponiona, alirudi nyuma.

Nilikuwa ndiyo nashuka kwenye pikipiki pale Masara, gunia la omena, dagaa wa kwetu, begani, nanuka ziwa kuanzia kisogoni mpaka kwenye kandambili. Yeye ndiye niliyekuwa nikimwaza njia nzima kutoka Sindo. Kwa kawaida hukimbia, hunipiga tumbo kwa kichwa kama mwanambuzi, halafu huuliza nimemletea nini. Siku hiyo alikuwa amesimama kando ya ukuta wa kanisa, kichwa kipara, kinang'aa mafuta. Akanitazama kama kitu ambacho hakifai kuwepo. Akapiga hatua moja nyuma, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagonga bati.

"Mama," akasema, "si umekufa?"

Ngoja nieleze kwa ajili ya wasiotujua. Nywele za shule hukatwa kwa mashine na hubaki kivuli. Kipara cha wembe, kile kinachopita mpaka nyuma ya masikio, ni cha msiba. Mtu akizikwa, watu wake hunyolewa. Sisi tunaita liedo, na hata mtoto wa nasari anajua maana yake. Wangu aliijua kuliko wengi, kwa sababu walimnyoa hivyo hivyo tulipomzika babake. Sasa mama amekwenda Sindo na kulala huko. Asubuhi watu wazima wamekuja, wamemshika mkono, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, wamempitisha wembe. Akili yake ilifanya kazi sawasawa: mama hayupo, mimi nimenyolewa, basi mama amekufa. Na katika watu wazima wote waliojaa pale, hakuna hata mmoja aliyeinama akamwambia vinginevyo. Hawakuwa na nafasi. Kulikuwa na foleni.

Foleni ilikuwa ya watoto wa marehemu wetu, mmoja nyuma ya mwingine, wanasubiri kinyozi kama ng'ombe kwenye josho. Wembe ni ule ule, beseni ni lile lile, na maji yalikuwa yamegeuka uji mweusi wa nywele na sabuni. Kando ya beseni alikaa mwenyekiti wa kikundi chetu, kikundi cha familia za waliokufa shimoni, anajipepea kwa ukurasa wa gazeti.

"Nyar Sindo, umerudi!" akasema. Ndivyo wanavyoniita huku, binti wa Sindo, kwa kuwa nimezaliwa huko nikaolewa huku. "Tumekusaidia. Ulikuwa safari, na sherehe ya ukumbusho ni Jumamosi. Nikasema, mnyoeni na huyu, mama yake atatushukuru."

"Mmemnyoa mwanangu."

"Tumewanyoa wote. Huzuni yetu ni moja."

Nikamwangalia kichwani. Alikuwa na rasta mpya, za rangi ya damu ya mzee, zimemshuka mpaka katikati ya mgongo. Nikageuka nikawaangalia wale akina mama wengine waliojipanga kwenye benchi. Hakuna hata mmoja aliyenyolewa. Kulikuwa na mabutu, kulikuwa na vilemba vya kitenge, kulikuwa na wigi moja lililokaa upande. Ile huzuni moja ilikuwa ya vichwa vya watoto peke yake.

"Na yako, mama, mnanyoa lini?" nikauliza.

Akacheka, yawa. Akazishika zile rasta kwa mkono kama mtu anayekinga kuku. "Hii? Hii imesukwa jana Migori!"

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika, na sijaitafuta tangu siku hiyo. Nililitua gunia. Nikalibeba lile beseni, na maji yake, na sabuni yake, na wembe wake, na nywele za watoto wote wa marehemu, nikalimwaga miguuni pa mwenyekiti. Maji yalimrukia mpaka magotini. Akina mama wakapiga yowe, kwa maana nywele za msiba hazimwagwi ovyo, na zikimgusa mtu kuna mkosi. Mmoja akapaza sauti kwamba nimeita chira, ile laana inayomkausha mvunja mila mpaka abaki mifupa.

"Ije," nikasema. "Itanikuta hapa."

*

Sitaki mtu aseme nawadharau kwa sababu sikuwajua. Niliwajua kabla hawajawa kikundi.

Shimo liliporomoka baada ya mvua ya wiki nzima. Kule Masara mashimo ya dhahabu huchimbwa moja chini ya jingine, kila mtu anafuata mwamba wake, na hakuna anayejua anachimba chini ya nyumba ya nani. Mume wangu alijua. Aliniambia asubuhi ile ile, anafunga kamba ya viatu, "Lile shimo limechoka." Kisha akaingia ndani yake. Alitolewa karibu wa mwisho. Mimi sikulia. Nilisimama kando ya ule udongo nikamtukana kwa Kijaluo, na Kijaluo kilipokwisha nikaendelea kwa Kiswahili. Watu walinipisha. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni, kila mtu ana mlango wake wa kutokea."

Siku zile za kwanza kila mtu alikuwa na mlango wake kweli. Jirani yangu, aliyempoteza mumewe katika shimo lile lile, aliosha vyombo. Aliosha vyake, akaosha vyangu, akaenda kuosha vya kanisa. Mwanamke mwingine alilala tu, anaamka anakula, analala tena. Mwingine alicheka kila alipoambiwa pole, kicheko kibaya, na hakuna aliyemkemea. Na mwenyekiti huyu huyu, kabla hajawa mwenyekiti, aliyempoteza kifungua mimba wake mle ndani, alipika uji kwenye sufuria kubwa na kuupitisha nyumba kwa nyumba. Alinilisha. Nilikuwa siwezi kuinua kijiko, naye alikiinua. Siwezi kusema uongo juu ya uji.

Kikundi kilianza na ule uji, na hadi hapo sina ugomvi nacho. Ugomvi ulikuja na tisheti.

Wageni walikuwa wameanza kufika, wa kanisa, wa siasa, wa mashirika, na wageni hupenda kuona watu waliofanana. Tukachapishiwa tisheti nyeupe zenye picha ya wanaume wetu wote wamesimama juu ya mawingu. Ya mume wangu ilitolewa kwenye kitambulisho, na fundi wa picha akamvisha tai. Mtu aliyeoa kwa shati la kuazima, lenye nembo ya timu ya mpira kifuani! Nikasema huyu siye. Mwenyekiti akanijibu, "Wengine wote wana tai. Unataka wako aonekane maskini?"

Baadaye zikaja sheria, na hakuna aliyekumbuka zimetungwa lini. Wote waliokufa ni mashujaa. Mume wangu hakuwa shujaa. Alikuwa mwanamume mzuri mwenye mdomo mchafu na miguu inayonuka, na ndivyo ninavyomtaka. Ilikatazwa kusema "shimo liliporomoka", ilibidi useme "Mungu aliwaita". Niliwahi kuuliza mkutanoni ni kwa nini mle ndani hakukuwa na magogo ya kuzuia udongo, nikaambiwa naleta mgawanyiko kati ya watu wenye uchungu. Mwenye shimo ndiye hutoa hema la ukumbusho kila mwaka, na huketi mstari wa mbele, chini ya hema lake, anaitikia nyimbo. Ukicheka sokoni, habari inafika mkutanoni kabla hujafika nyumbani. Mimi nilisemwa kikao kizima kwa kununua viatu vyekundu. "Mjane wa shimo," wakasema, kama vile ni kabila.

Na kura zao! Mwenyekiti anasema, "Anayekubali ainue mkono," na mikono inapanda yote pamoja, kama majani ya mtama upepo ukipita. Asiyekuwepo amehesabiwa amekubali. Ndivyo nilivyokubali kunyolewa kwa binti yangu: nilikuwa Sindo, kwenye mwalo wa wavuvi, nabishana na mwanamke juu ya omena iliyoloa.

Sasa nisimulie hiyo mila imetoka wapi, maana nilikuwepo ilipozaliwa.

Mwaka wa kwanza wa ukumbusho, shule yetu iliingiliwa na choa, yale madoa meupe ya mviringo kichwani. Mwalimu mkuu akaamuru kila mtoto anyolewe kipara, msiba au bila msiba. Siku ya ukumbusho watoto wa marehemu wakapanga mstari mbele ya wageni, vipara vitupu, vingine vimepakwa dawa ya zambarau. Mgeni mmoja aliyevaa miwani akaanza kulia. Akauliza kwa nini wamenyolewa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na nilifungua mdomo kusema choa. Mwenyekiti akaniwahi.

"Ni mila yetu," akasema. "Kila mwaka tunawanyoa, kuwakumbuka baba zao."

Mgeni akapiga picha. Baada ya muda yakaja magodoro, blanketi na tangi la maji. Na mila ikawa mila. Kwa Wajaluo, kifo kimoja kina liedo moja. Kisha nywele huota na mtu anaendelea na maisha. Waulize wazee wa kijiji chochote kuanzia Masara mpaka Sindo. Sisi tulikuwa na mila iliyozaliwa na ugonjwa wa ngozi, yenye umri sawa na tangi la maji, na watu wazima waliniapia kwa chira kwamba ni ya mababu.

Mwaka ule wa choa binti yangu hakuwepo. Alikuwa Sindo kwa mamangu, kwa sababu alikuwa ameacha kuzungumza.

*

Alipokuwa akinyolewa kwenye mazishi ya babake, mwanamke aliyeshika wembe alimbembeleza kwa neno ambalo watu husema tu: "Nyamaza, mama. Nywele zikiota, huzuni itakuwa imeisha." Mtoto ni mtu wa kuamini. Alinyamaza, na akanyamaza kwa miezi. Hakuuliza maji, hakuuliza babake. Kitu pekee alichofanya ni kujipima. Kila Jumapili alisimama mbele ya kioo cha kabati la mamangu, anabana nywele kati ya vidole viwili, anaangalia zimefika wapi.

Siku mamangu alipoweza kumfunga kibutu cha kwanza kwa uzi mweusi, mtoto alitoka nje. Mamangu alikuwa anaanua omena. Akamsikia mtoto anawatangazia kuku, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu msiba, "Huzuni imefika masikioni!"

Nilimrudisha Masara anaongea. Akaanza shule, akapata marafiki, akavunja sahani zangu. Vibutu vyake vinne nilimsuka mimi mwenyewe kila Jumapili, na sikumruhusu mtu mwingine aviguse. Nilimwambia mwenyekiti, kwa mdomo wangu, mbele ya kisima, tena si mara moja, "Wangu hanyolewi. Sababu ninayo."

Akasema, "Sawa, Nyar Sindo, sawa." Ile sawa ya kutaka upishe mtu achote maji.

*

Turudi pale kanisani, beseni likiwa limelala kifudifudi.

Kabla hawajamaliza kupiga yowe, sauti nyingine ikatoka upande wa barabara, ya mwanamume. Ilikuwa ya fundi wa pikipiki, ambaye gereji yake inatazamana na kanisa. Alikuja mbio na spana mkononi, mafuta mpaka viwikoni, anamburuta binti yake mdogo. Na yule mtoto alikuwa kipara, kinang'aa.

"Nani amenizika?" akauliza. "Nauliza, nani amenizika? Mimi niko hai, nimekunywa chai leo, nani amenizika?"

Mtoto wake alikuwa amefuata harufu ya mandazi. Wale waliokuwa kwenye foleni walipewa andazi moja kila mmoja. Naye akajipanga, kwani ana makosa gani? Kinyozi hakuuliza. Kichwa kilikuja, akakinyoa. Kumbe walikuwa wamemnyolea msiba mtoto wa mtu ambaye babake yuko mtaani anafunga plagi.

Mngemwona mwenyekiti. Alipiga magoti kwenye lile tope la nywele. "Baba, tusamehe, ni shetani, ni makosa, hatukuona." Kinyozi alitaka kujificha nyuma ya kiti cha plastiki. Mzee wa kanisa akaitwa aombe hapo hapo. Jioni ile, jua likiwa bado juu, niliwaona wamebeba jogoo mwekundu wanaelekea kwa fundi, mwenyekiti mbele na akina mama nyuma, kumwomba radhi yeye na mkewe na kuondoa mkosi nyumbani mwake. Wakamwambia mtoto kwa maneno, mmoja mmoja, "Babako hajafa. Tulikosea. Babako yuko hapa, mshike." Fundi mwenyewe alinisimulia. Alisema mtoto alimshika sikio kuhakikisha.

Basi nikawangoja. Nilipika chai, nikaazima vikombe. Nikafikiri, wakitoka huko watapitia kwangu, maana mimi pia nimezikwa. Walipita. Walipita mbele ya mlango wangu wanaongea juu ya jogoo.

Kesho yake nikamsimamisha mwenyekiti kisimani. "Mama mwenyekiti, mimi nami ni hai. Mtoto wangu amelala ameweka mkono shingoni kwangu, anahesabu kama napumua. Kwangu mnakuja lini?"

Akanitazama kwa huruma. Ile huruma ndiyo ilinichoma kuliko matusi.

"Nyar Sindo, usichanganye mambo. Ya fundi ilikuwa makosa. Ya kwako ilikuwa mpango."

"Mpango wa nani?"

"Yule mtoto wa fundi ana mwenyewe. Wako ni wetu."

Hapo nikaelewa kila kitu, na elimu yangu ya kidato cha nne haikuhitajika. Mtoto mwenye baba ana mwenyewe. Mtoto wa marehemu ni kama lile tangi la maji: kila mtu anamiliki bomba.

*

Binti yangu aliacha kwenda shule. Hakukataa kwa kelele; aliketi tu pale nilipoketi. Nikienda chooni, anasimama mlangoni anaimba ili nimwitikie. Nikinyamaza kidogo, anagonga. Safari za Sindo zikafa, maana nisingeweza kumwambia mtoto huyo kwamba nalala nje, na omena haijileti yenyewe. Nikamchukua nikaenda naye kwetu.

Mamangu alimvua kitambaa, akakiona kile kichwa, akakifunika tena. Tulikula kwanza.

"Ungewaacha," akasema. "Nywele inaota."

"Mama!"

"Nasema ukweli. Uliolewa kule, utazikwa kule. Unataka nani akubebee jeneza, omena?"

"Na huyu anayenishika shingo?"

"Atazoea."

"Kama alivyozoea mwaka ule aliokuwa hapa hasemi?"

Mamangu ana ulimi kama wembe wenyewe. Akamtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa sinia na pindo la rinda langu kwa wakati mmoja. "Hao watu wa mashimo," akasema, "wanachimba hata mahali ambapo hakuna dhahabu." Asubuhi alitupakia gari la Homa Bay.

Hospitalini nilimkuta mshauri wa watoto, mama mnene mwenye sauti ndogo. Alimpa kalamu za rangi. Binti yangu alinichora nimelala, kisha akanichora nimesimama, kisha akauliza ipi ndiyo ya kweli. Yule mama akaniambia jambo moja tu ambalo nilikuwa tayari nalijua, ila yeye ana muhuri: mtoto akiambiwa uongo na watu wengi kwa pamoja, mama peke yake hatoshi kuufuta. Wanapaswa kuufuta wao. Akaliandika.

Nikarudi Masara na karatasi hiyo. Sherehe ilikuwa imepita bila sisi, na nasikia ilifana sana. Mkutano uliofuata nikaenda nikasimama, nikawasomea, nikawaambia sitaki jogoo. Nataka waje kama walivyokwenda kwa fundi, wamwambie mtoto kwa maneno kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba hawatamgusa tena. Basi. Hata chai nitapika mimi.

Mtoto mchanga akalia, akanyonyeshwa.

"Tukianza kwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha," mwenyekiti akasema, "kesho kila mmoja atakuwa na lake. Huyu hataki kunyoa, huyu hataki tisheti, huyu hataki wimbo. Tutabaki nini? Tuliokolewa na kuwa kitu kimoja." Na aliamini alichosema. Nilikumbuka kijiko cha uji. Kisha akafuta macho, akasema, "Anayeona Nyar Sindo ametukosea kwa kumwaga nywele, ainue mkono."

Mikono ikapanda kama ule mtama. Nilimtafuta jirani yangu, yule wa kuosha vyombo, anayekuja jikoni kwangu kusema hata yeye hataki wake anyolewe, na kwamba wake naye amerudia kukojoa kitandani. Mkono wake ulipanda nusu, ukasimama karibu na sikio, kama anayejikuna. Mwenyekiti akautazama. Ukapanda wote.

Wakaamua mtu asinunue omena yangu mpaka nitakapoomba radhi.

Siku chache baadaye jirani alikuja kwa mlango wa nyuma, ana kikapu cha sukuma wiki.

"Dada, nipimie za kikombe kimoja. Weka chini ya mboga."

"Mkono wako ulikuwa wapi juzi?"

"Wewe nawe. Uliinuka tu."

"Kwani una akili yake?"

"Usinichekeshe, watasikia." Akaangalia nyuma. "Unajua roho yangu iko wapi."

"Sijui. Sijawahi kuiona ikipiga kura."

Nilimpimia. Akafunika omena kwa sukuma kama mwizi wa mtoto, akatoka akiinama. Nilimdharau mpaka alipopinda kona, kisha nikamdharau tena alipotokea upande wa pili, anaimba ule wimbo wa kikundi kwa sauti ili wamsikie.

Naibu wa chifu alinisikiliza akichokonoa meno. "Kwa hiyo unamshtaki kinyozi?" akauliza, akacheka mpaka njiti ikadondoka. "Mama, hayo ni mambo ya mila. Malizeni nyumbani." Nikamuuliza mila ya choa inamalizwa nyumba ipi. Akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ndiyo, na leo ameusikia ukiwa umepumzika.

Nikashika njia ya Migori, kwenye ofisi inayoshughulikia mambo ya watoto, binti yangu mkononi, kitambaa kichwani. Nyuma ya meza kulikuwa na mwanamke wa rika langu. Akauliza kama ilivyo kazi yake.

"Mtoto ameumizwa wapi?"

"Kichwani."

"Kuna kidonda?"

"Hakuna. Alidhani nimekufa."

Aliacha kuandika. Akamtazama binti yangu, ambaye alikuwa ameniwekea kiganja mgongoni, pale pumzi inapoonekana. Akavuta karatasi tupu, akaisukuma upande wangu.

"Usiipambe," akasema. "Andika hivyo hivyo."

Nikaandika.

KUH: KUNYOLEWA KWA MTOTO WANGU KWA MSIBA USIOKUWEPO

Mimi ni mjane, mkazi wa Masara, muuza omena. Mtoto anayehusika ni binti yangu wa kumzaa. Nalalamika dhidi ya kikundi cha familia za waliokufa shimoni, ambacho mimi pia ni mwanachama wake, na dhidi ya kinyozi kiliyemwita.

Nikiwa safarini Sindo, watu hawa walimchukua mtoto wangu bila idhini yangu, nami nilikuwa nimewakataza mapema kwa maneno. Walimnyoa kwa wembe kipara cha msiba, kwa wembe uliotumika kwa watoto wengine bila kubadilishwa. Hakuna aliyekuwa amekufa. Mtoto hakuelezwa sababu, akaamini kwamba ni mimi niliyekufa. Tangu siku hiyo haendi shule na haniachi nitoke. Barua ya hospitali nimeiambatisha.

Siku hiyo hiyo walimnyoa kwa makosa mtoto mwingine ambaye baba yake yuko hai. Kwa huyo walikwenda kuomba radhi kabla jua halijatua. Kwangu wamesema halikuwa kosa.

Nakiri kwamba nilimwaga beseni. Kama kuna gharama ya sabuni, nitalipa. Sitaomba radhi.

Sidai fidia, magodoro wala blanketi. Naomba ofisi yako iwaite, wafike mbele ya mtoto wangu, wote walioinua mikono, na kila mmoja amwambie kwa mdomo wake kwamba hakuna aliyekufa. Naomba pia waandikishwe kwamba hawatamgusa kichwa chake tena, na kwamba hakuna mtoto wa marehemu atakayenyolewa bila mzazi wake kukubali akiwa amesimama pale, kwa sauti, wala si kwa kuwa hayupo.

Picha ya mume wangu iliyo kwenye tisheti waiondoe, au waiondoe tai.

Nimeandika haya kwa mkono wangu, mtoto akiwa shahidi. Mlalamikaji yuko hai.